Mtumeni fundi saa mbili usiku: barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni za intaneti na wanaozisimamia

Kwa wakurugenzi wa kampuni zinazotuuzia intaneti ya nyumbani, na kwa wakuu wa mamlaka za mawasiliano mnaozisimamia,

Nawasalimu kwa heshima, kisha niingie moja kwa moja kwenye shida yangu, maana naamini ni shida ya watu wengi ambao hawana muda wa kuiandika.

Nina mkataba wa megabiti 50 kwa sekunde. Saa kumi na mbili asubuhi, watu wengi wakiwa bado wamelala, nazipata karibu zote: 46, 47, siku nyingine 48. Saa mbili na nusu usiku napata 5. Kuna siku nilipata 1.9. Bili inakuja ileile kila mwezi. Sitaitaja kampuni yangu, kwa sababu majirani walio kwa kampuni nyingine wanalia vilevile, na ninayotaka kusema yanawahusu ninyi nyote.

Kilichonisukuma kuandika si namba. Binti yangu yuko darasa la mtihani na masomo yake ya ziada ni ya usiku, kwa video. Mwalimu anaandika hatua ya tatu ya hesabu ubaoni, mkono unaganda hewani, sauti inakatikakatika, kisha kile kiduara kinaanza kuzunguka. Picha ikirudi, ubao umeshafutwa. Wiki ya pili ya hali hiyo nilimkuta amefunga kompyuta, ananakili kazi ya mwenzake kutoka kwenye picha alizotumiwa kwa simu. Hakulalamika. Alishazoea. Usiku ule ndipo nilipofungua daftari nikaanza kupima.

Naomba mjue kwamba sikuanza na ninyi. Nilianza na nyumba yangu. Ruta ilikuwa chini, nyuma ya televisheni, imebanwa na ukuta. Waifai ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko ile ya gigahezi 5, lakini njia zake za mawimbi (chaneli) zisizoingiliana ni 3 tu, na majirani wote wanagombea hizohizo, pamoja na oveni za maikrowevu na spika za Bluetooth. Ile ya gigahezi 5 ina nafasi na kasi zaidi, ila kuta mbili za zege zinatosha kuichosha. Nikaipandisha ruta juu ya kabati, katikati ya nyumba. Chumbani nilikokuwa nikipata megabiti 9 asubuhi, nikapata 31. Sikutumia hata senti moja, na ningemwomba kila mwenye shida kama yangu afanye hivyo kabla hajampigia mtu yeyote simu.

Kisha nikazima waifai kabisa, nikachomeka kompyuta moja kwenye ruta kwa waya. Najua kipimo cha waifai si ushahidi dhidi ya kampuni, kwa hiyo vipimo vyote nilivyoandika kuanzia hapo ni vya waya. Nilipima mara 5 kwa siku kwa siku 21. Safu ya kwanza ya daftari ni saa, ya pili kasi ya kupakua, ya tatu kasi ya kupakia, na ya nne ni muda ambao ujumbe mdogo unachukua kwenda na kurudi. Safu hii ya nne ndiyo iliyonifungua macho. Kutoka kompyuta hadi ruta ni milisekunde 1 (sehemu moja ya elfu ya sekunde), asubuhi na usiku. Kutoka ruta hadi kituo cha kwanza cha kampuni ni milisekunde 9 asubuhi, na usiku inapanda hadi 260. Ndani ya nyumba hakuna kilichobadilika. Foleni iko nje ya mlango wangu.

Nikapiga simu nikiwa na daftari mkononi. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa mpole, lakini hakuwa na mahali pa kuandika nilichokuwa nikimwambia. Aliniomba nizime ruta, nihesabu hadi 30, niwashe. Nilifanya. Siku ya pili kijana mwingine aliniomba vivyo hivyo. Nilipiga mara 6 kwa jumla, na mara zote 6 nilisimulia upya tangu mwanzo, kana kwamba sijawahi kupiga. Mwishowe fundi akaja. Alikuja saa nne asubuhi. Akachomeka kifaa chake, akanionyesha kioo: 47. "Bosi, mbona iko vizuri tu?" Nikamwonyesha daftari, safu ya saa mbili na nusu. Akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anajua, mtaa mzima uko hivyo usiku, ila yeye ratiba yake inaishia saa kumi na moja jioni na fomu anayojaza inauliza kipimo cha wakati ule alipofika tu. Akajaza 47. Tatizo likafungwa.

Simlaumu yule fundi hata kidogo. Alifanya kazi yake kwa uaminifu na aliniambia ukweli ambao fomu haikuwa na nafasi yake. Wakurugenzi, fomu ile ni yenu. Nani aliamua kwamba huduma inayoharibika usiku ikaguliwe asubuhi?

Nilipotamka neno "kuhama", simu ilihamishiwa kwa idara nyingine mara moja, na hapo nikapewa dawa: nipande hadi kifurushi cha megabiti 100, kwa punguzo la miezi mitatu. Nilikubali kwa mwezi mmoja, kwa sababu nilitaka kuona. Asubuhi nikapata 93. Saa mbili na nusu usiku nikapata 5.6. Hapa naomba tuzungumze polepole, maana kuna watu wengi wanaoshauriwa hivi kila siku na wanalipa zaidi kwa miaka.

Kila laini ya intaneti hugawanywa. Hilo si udanganyifu, ndiyo namna mitandao inavyojengwa, na isingekuwa hivyo hakuna ambaye angemudu kulipia. Chukueni mfano wa faiba ya aina ya GPON, inayotumika sehemu nyingi za dunia: uzi mmoja wa kioo hushusha takriban gigabiti 2.5 (megabiti 2,500) kwa sekunde, kisha hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Ukigawa kwa 64 unapata chini kidogo ya megabiti 40 kwa kila nyumba, kama wote wangevuta kwa pamoja kwa nguvu zote. Kwa kawaida hawavuti kwa pamoja, ndiyo maana kampuni inaweza kuwauzia megabiti 100 kila mmoja na mambo yakaenda. Lakini kuna kikomo. Mkiongeza wateja bila kupanua njia inayotoka kwenye kituo cha mtaa kwenda kwenye mtandao mkuu, itafika jioni ambayo njia ile imejaa, na ikishajaa, kifurushi cha 50 na cha 100 vinakaa kwenye foleni moja. Kuniuzia kifurushi kikubwa zaidi hapo ni kumpa mtu gari la mbio kwenye barabara iliyoziba. Yule aliyeniuzia huenda hakujua. Mitambo yenu inajua, kwa sababu inarekodi ujazo wa kila njia saa kwa saa. Mchoro wa mtaa wangu mnao. Mimi nilihitaji siku 21 na daftari kuuchora kwa kubahatisha, nanyi mnaweza kuufungua kwenye kompyuta kwa dakika moja.

Kuna jambo la pili ambalo halitajwi kabisa kwenye mauzo. Kasi ni ukubwa wa bomba, na kuchelewa ni muda ambao tone moja linachukua kufika. Ruta nyingi zikizidiwa huweka foleni ndefu sana ya data ndani yake badala ya kuidhibiti, na matokeo yake mtu mmoja akipakia picha zake, mazungumzo ya video ya mwenzake chumba cha pili yanaganda hata kama bomba la kupakua lina nafasi. Wahandisi wamelielewa tatizo hili kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 2012 wahandisi Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya CoDel ya kudhibiti foleni hizo, na mbinu iliyotokana nayo, FQ-CoDel, ikatolewa kama waraka rasmi wa intaneti mwaka 2018. Programu yake ni ya bure. Kwa nini ruta mnazotupa majumbani hazinayo, au zinayo lakini imezimwa?

Sasa nije kwenye kuhama, kwa sababu kila anayenisikia hunijibu kwa neno hilohilo: hama. Ingekuwa rahisi hivyo, nisingeandika barua. Nilimwomba jirani wa ukuta mmoja nami, aliyeondoka kwenye kampuni yangu mwaka jana, anikaribishe usiku na kompyuta yangu. Tukachomeka waya kwenye ruta yake saa mbili na nusu. Megabiti 6. Alikuwa amelipia kufungiwa upya, amekaa siku 11 bila intaneti akisubiri, amebadilisha anwani ya barua pepe aliyoitumia miaka 9, na ameishia palepale alipokuwa, kwa sababu kampuni ile mpya inakodisha uzi uleule unaopita kwenye kisanduku kilekile mtaani. Nembo kwenye bili ndiyo iliyobadilika. Hakuna aliyemwambia. Alinitazama nikiiandika ile namba, akaniuliza kama nina hakika mashine yangu ni nzima.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu ina kampuni inayoleta intaneti kwa mawimbi ya redio, bila waya. Pale usiku tulipata 22 za kupakua, lakini kupakia hazikufika hata 2, na mtu anayefundisha au kufanya kazi kwa video anahitaji kupakia. Kwa wale wanaofikiwa na setilaiti pekee hesabu ni nyingine tena. Setilaiti iliyosimama kilomita 35,786 juu ya ikweta haiwezi kuleta jibu chini ya karibu nusu sekunde, hata kifurushi kiwe kikubwa vipi, kwa sababu mwanga wenyewe hauendi haraka kuliko hapo. Zile zinazozunguka chini, kwenye kilomita 500 hivi, hazina kasoro hiyo. Na kwa wale walio bado kwenye waya wa shaba wa simu, umbali ndio unaoamua. Waya wa ADSL2+ (teknolojia ya intaneti kupitia waya wa simu) unaoweza kubeba megabiti 24 karibu na kituo hubaki na megabiti chache tu mteja akiwa kilomita 4 au 5 mbali, na kubadilisha kampuni bila kubadilisha waya hakumsogezi karibu.

Kwa hiyo anayetaka kuamua kwa akili anahitaji kujua mambo machache: laini hii inapita wapi na ni ya nani, imejaa kiasi gani saa za usiku, lini itapanuliwa, na kampuni anayoifikiria inatumia njia nyingine au ileile. Yote haya yako kwenye kumbukumbu zenu. Hakuna hata moja lililo kwenye tangazo. Kwenye tangazo kuna neno moja, "hadi". Hadi 50. Hadi 100. Megabiti 5 nazo ziko ndani ya "hadi 50", kwa hiyo hakuna siku neno hili litakuwa la uongo, na hakuna siku litanisaidia kuchagua. Mnatuuzia mbuzi kwenye gunia, kisha mnatuambia tuko huru kununua gunia lingine.

Na hata hiyo megabiti, watu wengi hawajaelezwa ni nini. Mafaili yetu tunayahesabu kwa baiti, ninyi mnauza kwa biti, na baiti moja ni biti 8. Faili la gigabaiti 1 kwa kasi ya megabiti 40 linashuka kwa dakika 3 na sekunde 20. Kwa megabiti 4 linachukua zaidi ya nusu saa. Mzee mmoja alinionyesha bili yake akiwa na hakika kwamba anaibiwa, kumbe alikuwa akisoma baiti kwenye kompyuta na biti kwenye mkataba. Yeye mlikuwa mmemtendea haki, lakini hakuna aliyewahi kukaa naye kumweleza.

Wakuu wa mamlaka, sasa nageukia kwenu, kwa sababu kampuni hazitafunua daftari zao kwa kuombwa na mteja mmoja. Ninayoyaomba si ndoto, kwingine yanafanyika. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2015, ulizitaka kampuni za intaneti ya nyumbani ziandike ndani ya mkataba kasi ya chini kabisa, kasi inayopatikana kwa kawaida, kasi ya juu, na ile inayotangazwa. Namba 4, zikiwa zimeandikwa, mtu anaweza kuzishika mkononi. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi: tangu Desemba 2021 mteja anayepima kwa utaratibu uliowekwa na mamlaka na kuthibitisha kwamba anapata pungufu ana haki ya kulipa pungufu au kuvunja mkataba. Uingereza, tangu Mei 2018, tangazo linatakiwa kutaja kasi ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata kati ya saa mbili na saa nne usiku. Kabla ya hapo ilitosha mteja 1 kati ya 10 aipate. Marekani, tangu mwaka 2024, kila kifurushi kinatakiwa kuwa na lebo inayoonyesha kasi ya kawaida, muda wa kuchelewa na ada zote, kama lebo ya viambato kwenye chakula cha pakiti.

Hapo kwenye saa mbili hadi saa nne usiku ningependa msimame kidogo. Sheria moja tu inayotaja saa ingeondoa karibu nusu ya malalamiko haya, kwa sababu kampuni ingelazimika ama kupanua njia ama kutangaza ukweli. Yote mawili yananifaa. Nikiambiwa kabla ya kusaini kwamba usiku nitapata 5, nitajipanga, nitatafuta kwingine, au nitalipia ya 5.

Na mtu akishaamua kuondoka, mlango uwe wazi. Mimi mkataba wangu una faini ya kuondoka mapema, na faini hiyo haiulizi nani alivunja ahadi kwanza. Uingereza kampuni zilizosaini mwongozo wa Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huko, zina siku 30 za kurekebisha kasi iliyoshuka chini ya kiwango kilichohakikishwa, zikishindwa mteja anaondoka bila kulipa chochote. Na tangu Septemba 2024 mteja wa huko anazungumza na kampuni mpya tu, nayo inamalizana na ile ya zamani. Hakuna kupigiwa simu za kubembelezwa, hakuna siku 11 za giza. Jirani yangu angehama kwa amani, na kama angeambiwa uzi ni uleule, asingehama kabisa.

Najua kupanua njia kunagharimu. Kuchimba mitaro, kuomba vibali, kununua mitambo, yote hayo ni pesa na muda, na kuna mitaa ambayo hailipi haraka. Ningeelewa kabisa barua inayosema: njia ya mtaa wako imejaa, tutaipanua baada ya miezi 8, mpaka wakati huo tunakupunguzia bili, au ondoka bila faini. Ningebaki. Nawaambia kwa moyo wote, ningebaki, kwa sababu nimeshaona kilichompata aliyehama gizani.

Mkataba wangu unakwisha mwezi ujao na kabla ya siku hiyo lazima nichague. Kwa kampuni yangu ninaomba majibu matatu kwa maandishi: ujazo wa njia ya mtaa wangu kati ya saa mbili na saa nne usiku, tarehe ya kuipanua kama ipo, na jina la mwenye uzi unaoingia nyumbani kwangu. Kwa mamlaka ninaomba kampuni zote zilazimishwe kumjibu hivyo kila mteja anayeuliza. Daftari langu ni kurasa 14, nimelipiga picha lote, na niko tayari kulikabidhi kwa mhandisi yeyote atakayetaka kulikagua.

Na mkimtuma tena fundi, ninaomba awe yuleyule kijana, na aje saa mbili na nusu usiku. Mlango utakuwa wazi na waya utakuwa umeshachomekwa. Binti yangu atakuwa mezani, darasa limeanza.

Wenu,
Mteja wa mwaka wa tano